Mlezi wa Miaka Thelathini

Mwezi uliopita shule anayosoma binti yangu, hapa Mbinga, ililetewa maboksi ya vitabu, na sisi wazazi tuliokuwa tumekuja kwenye kikao tukaombwa kusaidia kuyabeba hadi darasani. Mwalimu alichana gundi ya boksi la kwanza kwa ncha ya ufunguo, na harufu ikatoka: nailoni ya majalada, gundi, na karatasi iliyokaa gizani muda mrefu. Wenzangu wakafurahi, wakaanza kuvichukua na kuvifungua. Mimi nilijikuta nimerudi nyuma hadi mlangoni, natafuta kwa macho ni nani kati ya watu wale amekuja na daftari na kalamu, na anaandika majina ya nani.

Hakuna aliyekuwa anaandika. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshamshika binti yangu begani, na nilikuwa nimemshika kwa nguvu kiasi kwamba alisema, "Baba, unaniumiza."

Wale wa rika langu mliokulia kule chini ziwani, huenda na nyinyi mnalikumbuka gari la vitabu. Najua wengi mnalikumbuka kwa furaha. Mimi nalikumbuka kama mtu anavyokumbuka mbwa wa jirani ambaye hakuwahi kumng'ata.

Kitongoji chetu kilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Liuli, kwenye kipande chembamba cha ardhi kati ya mlima na maji. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla masika mawili hayajapita. Tulibaki wanne: mimi niliyekuwa darasa la tano, Faraja wa darasa la tatu, Deo aliyekuwa ameanza la kwanza, na Anna ambaye hata jina lake alikuwa bado analitamka nusu.

Kwetu, siku ya kuvunja matanga, ndugu hukaa na kugawana vitu vya marehemu. Nguo za mama zilikwenda kwa dada zake, jembe likaenda huku, sufuria zikaenda kule. Nilikuwa nimekaa kizingitini nawatazama, na sikuona ubaya wowote, mpaka walipomaliza sufuria wakahamia kwetu.

"Huyu wa kike nitakwenda naye Kigonsera," shangazi alisema, akimwonyesha Faraja kwa kidevu. "Atanishikia mtoto."

"Deo nitapanda naye mimi," akasema baba mdogo. Huyu alikuwa mdogo wake baba wa tumbo moja. Alikuwa amehamia Mbinga zamani, ameoa umatengoni kule milimani, ana kahawa yake na mashamba ya ngoro, yale ya vishimo vinavyochimbwa kwa mpangilio kwenye mteremko ili mvua isisombe udongo. "Na hako kadogo kaende kwa masista wanaolea watoto. Kule watoto wanakunywa maziwa."

Mimi hawakunitaja. Nilidhani wamenisahau.

"Hatuendi," nilisema.

Shangazi akacheka. "Nani kakuuliza wewe?"

"Hatuendi."

Nikamweka Anna mgongoni, nikakaa tena pale kizingitini, mguu mmoja nimeusukumia nguzo hii na mwingine nguzo ile, ili anayetaka kutoka na mtoto aniruke kwanza. Walinisema, wakanibembeleza, wakaenda kula, wakarudi wakanikuta vilevile. Jua lilipoanza kuinama baba mdogo akasimama mbele yangu, akazungumza taratibu, na maneno yake nayajua hadi leo.

"Sawa. Mimi narudi juu, kahawa inanisubiri. Mavuno yakiisha nitashuka. Nikikuta mtoto mmoja analala njaa, au mtoto mmoja hayupo shule, nawagawa siku hiyohiyo, wala sitaita kikao. Tumeelewana?"

Tulielewana. Jumatatu iliyofuata niliwasindikiza Faraja na Deo hadi uwanja wa shule, nikawatazama wakipanga mstari, kisha nikageuka nikarudi nyumbani. Mtu wa kukaa na Anna hakuwepo.

Kazi zangu zilikuwa ni kuloweka muhogo, kuuanika, kuutwanga, kuchota maji, kufua, na kumsaidia jirani yetu, Mama Hosea, kuanika usipa wake kwenye chanja pale ufukweni. Usipa ni samaki wadogo wa ziwa letu, na kwa kuwageuza juani tangu asubuhi alinipa bakuli la mboga kila siku. Pamoja na hilo bakuli alinipa maneno.

"Bibi arusi! Unga umelainika?"

"Umelainika."

"Mume anarudi saa ngapi?"

"Mume ameoa mwingine."

Wanawake wa chanja zote walikuwa wakicheka hadi wanaegemea miti, na mimi naendelea kutwanga. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kuchekwa hakukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni watu wenye kalamu.

Mnajua jinsi ilivyokuwa. Nyumbani tulisema Kinyasa. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha kanisani, na cha watu waliokuja kuandika: wa chanjo, wa kuhesabu nyumba, wa kuuliza nani ana choo. Mtu akikusalimia kwa Kiswahili mbele ya mlango wako, ujue ana daftari. Na mimi nilikuwa nimeona kwenye matanga kwamba kabla watu hawajagawa kitu, kwanza hukitaja kwa jina.

Basi siku moja likashuka gari la kijani, refu, ambalo ubavu wake ulifunguka kwenda juu kama dirisha la duka. Ndani lilikuwa na rafu, na rafu zimejaa vitabu. Lilitoka maktaba ya mjini Songea, likapitia Mbinga, likashuka hadi ziwani, na kwa kuwa mahali pekee penye nafasi ya kugeuza gari refu palikuwa karibu na chanja, liliegeshwa pale, katikati ya usipa. Akateremka mama mfupi, mnene, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Dereva, aliyeitwa Titus, akamtolea meza na kiti. Kabla hajagawa kitabu hata kimoja, yule mama alifungua daftari kubwa kama la kanisani, akachukua kalamu.

Watoto walipotoka shule wakamzunguka. Mimi niliendelea kugeuza usipa, lakini masikio nilikuwa nimeyaacha pale mezani.

"Njoo, mwanangu. Jina lako nani? Miaka mingapi? Unaishi na nani? Mlezi wako ni nani? Naye ana miaka mingapi? Anafanya kazi gani?"

Yalikuwa ni maswali ya matanga, tena kwa mpangilio uleule. Nikatupa mti wa kugeuzia, nikapita katikati ya watoto, nikamkamata Faraja kifundo cha mkono. Nilikuwa nimechelewa, alikuwa ameshafika mezani na kuondoka.

"Umemwambia nini?" nilimuuliza tulipofika nyumbani.

"Jina."

"Jina la nani?"

"Langu. Kwani la nani?"

"Na nini tena?"

"Basi."

Faraja alikuwa mtoto asiyejua kudanganya kwa maneno mengi, kwa hiyo alidanganya kwa machache. Nikawakataza wote wawili kulisogelea lile gari. Deo akauliza kwa nini, na mimi nikamwambia linabeba watoto. Sikuwa namtisha. Nilikuwa namwambia nilichoamini.

Liliporudi mwezi uliofuata, dereva Titus alikuja mwenyewe hadi chanjani, mkononi ana fuko la maharage na barua.

"Wewe ndiye mkubwa wa wale wa marehemu?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Baba yenu mdogo kanipa hivi pale stendi ya Mbinga. Kaniomba niwaangalie."

"Utuangalie nini?"

"Kama mpo."

"Tupo."

"Naona. Ila mmepungua."

"Nani kapungua? Tuko wote!"

"Mwili, kijana, nasema mwili," alisema, akanitazama kama anayejiuliza nina homa. "Nikimwona nimwambieje?"

"Mwambie tumenenepa."

Sasa, kila mtu wa kule anajua kwamba watu wa juu na watu wa chini tulikuwa tukipata habari za ndugu zetu kupitia madereva. Gari lolote linaloshuka lilishuka na barua, dawa, mbegu, na habari za msiba, bila dereva kuulizwa gari ni la nani. Titus alifanya alichofanya kila dereva. Lakini mimi sikuona dereva. Niliona jicho la baba mdogo limewekewa magurudumu, tena limepewa mama wa kuandika majina ili lisisahau. Barua ilisema hawajambo, kahawa imezaa vizuri, na yeye atakuja kama alivyosema. Yale maharage yalikaa siku tatu ndani bila kupikwa, kwa sababu nilikuwa sijui yameletwa ili tule au ili ionekane hatuna.

Siku ya nne Mama Hosea hakuanika usipa, tukawa hatuna mboga nyingine. Nikatafuta chombo cha kuyalowekea, nikakumbuka mtungi wa mama wa mbegu za karanga uliokuwa pembeni, mtupu. Nikaingiza mkono, nikashika nailoni.

Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Jalada lilikuwa na picha ya mtu aliyevaa chandarua kichwani, na nadhani Faraja alikichagua kwa ajili ya huyo mtu. Katikati ya kurasa kulikuwa na kadi ya bluu. Juu jina la Faraja, umri, shule, kitongoji chetu. Chini yake, mlezi: jina langu. Umri wa mlezi: miaka thelathini. Kazi: mkulima. Penye sahihi ya mlezi aliandika tena jina langu, kwa mwandiko wake wa darasa la tatu, herufi zimelala kama zimechoka.

Nilikaa chini. Mdogo wangu alikuwa amenitungia uongo kwenye karatasi yenye mhuri. Baba mdogo akiiona, hatahitaji kutukuta na njaa. Atasema tazameni, hawana mtu mzima, na wanajua kwamba walipaswa kuwa naye, ndiyo maana wamemtengeneza. Nilitaka kufikiri la kufanya, na kwa kuwa kitabu kilikuwa mapajani, nikakifungua huku nafikiri. Nikasoma mzinga hutundikwa wapi. Nikasoma namna ya kuwapulizia nyuki moshi wasikasirike, na kwamba mtu anayerina asali asiwe na haraka. Tangu asubuhi ile niliyogeuka pale uwanja wa shule sikuwa nimesoma kitu chochote zaidi ya barua ya baba mdogo. Niligutuka Anna akilia na uji umeungua hadi moshi umejaa ndani.

Hapo hasira ikanipanda. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo wanavyomkamata mtu, wanampa kitu kizuri ashike ili asione wanachofanya. Nikaitumbukiza kadi motoni. Nilitazama mpaka jina langu likaungua, na nilidhani nimetufuta.

Faraja aliporudi shule alijua kabla sijasema, kwa sababu kitabu kilikuwa juu ya kinu.

"Kadi yangu iko wapi?"

"Nimeichoma."

"Umechoma kadi yangu?"

"Nimetuokoa."

"Umetuokoa na nini? Na nyuki?"

Hakunisemesha wiki nzima. Alihamisha mkeka wake akalala na Deo ukutani, na kila nilipowaita kula alimwambia Deo, "Mwambie tunakuja."

Gari liliposhuka mara ya tatu Faraja akakirudisha kitabu, akasema kadi imepotea. Sikujua kwamba hiyo peke yake ingemleta yule mama mlangoni kwangu. Nilikuwa natwanga, Anna mgongoni, nikasikia kwa Kiswahili, "Hodi wenyewe!"

"Karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ndiye mama wa gari la vitabu. Namtafuta mlezi wa Faraja nimwandikie kadi nyingine."

"Hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Ziwani."

"Atarudi saa ngapi?"

"Harudi leo."

Mama Hosea alikuwa anapita na beseni lake. "Bibi arusi!" alipaza sauti. "Una mgeni na hujampa hata kigoda? Hivyo ndivyo mama mkwe alivyokufundisha?" Akaenda zake akicheka.

Yule mama alinitazama. Alitazama mchi, akatazama mikono yangu ilivyokuwa myeupe kwa unga, akamtazama Anna ambaye alikuwa amelalia shingo yangu. "Na wewe una miaka mingapi?" aliuliza.

Nilipiga hesabu haraka. Nikisema kumi na mitatu, Faraja ni mwongo. Nikisema thelathini, mimi ni mwendawazimu.

"Sijui," nilisema.

"Kusoma unajua?"

"Shule siendi."

"Sijauliza shule."

Akatoa kwenye mfuko wake kitabu chembamba, akakiweka juu ya ukingo wa kinu. Nikakichukua, nikamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyorudisha chombo cha jirani. "Chukua kitabu chako, mama."

Hakununa. Alifungua lile daftari kubwa palepale amesimama, akaandika mistari miwili mitatu.

"Umeandika nini?" niliuliza.

"Nilichoona," alisema. Akafunga daftari, akaaga.

Tangu siku hiyo nililala vibaya. "Nilichoona." Alikuwa ameona nini? Alikuwa ameona kila kitu.

Mwezi uliofuata gari liliposhuka, baba mdogo alikuwa ameketi mbele, kati ya Titus na yule mama, amevaa koti lake la baridi ya umatengoni ingawa ziwani jua lilikuwa linachoma. Nilipomwona anateremka, nilihisi kitu kama ahueni. Miezi yote watu waliniona nina wazimu kuhusu lile gari, na sasa lilikuwa limemleta.

Baba mdogo alikuja moja kwa moja hadi nyumbani, na kwa kuwa yule mama alikuwa na kadi yake ya kusainiwa, naye akafuata, na Titus, na Mama Hosea akaacha usipa wake, na wanawake wa chanja nyingine wakaja wakijifanya wanaomba moto. Baba mdogo akafunua chungu. Akatia mkono kwenye debe la unga akaona kina chake. Akamwita Deo.

"Jana mlikula nini?"

"Ugali na usipa."

"Juzi?"

"Ugali na usipa."

"Na siku ya kabla ya juzi?"

"Ugali na usipa," Deo alisema. "Kwani wewe kule unakula nini?"

Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Akaomba madaftari ya shule. Faraja akaleta ya kwake na ya Deo, na yeye akayapitia ukurasa kwa ukurasa, akiangalia alama za vema na za makosa. Akayafunga. Nikaanza kupumua.

"Na ya kwako?" aliniambia.

"Ya kwangu?"

"Madaftari yako. Nilisema mtoto mmoja asipokuwepo shule. Wewe uko darasa la ngapi?"

Niamini, ndugu msomaji: katika miezi yote ile, nikiwahesabu asubuhi na jioni, haikuwahi kunijia kwamba na mimi nimo kati ya watoto waliosemwa. Niliona nguzo za mlango, lakini safari hii miguu haikunipeleka.

"Titus," baba mdogo alisema bila kugeuka, "nyuma kuna nafasi ya watoto?"

"Ipo, kwa kubanana na vitabu."

Anna akaanza kulia kwa sababu nilikuwa nimemkaza. Ndipo yule mama akasema, "Subirini kidogo. Hawa ni wasomaji wangu. Siwezi kubeba wasomaji bila kuangalia walivyoandikwa." Akavaa miwani, akafungua daftari juu ya kinu changu, na mimi nikasema moyoni, haya, sasa ndiyo tumekwisha.

Akasoma kwa sauti ya kanisani. "Faraja. Vitabu vitatu. Vimerudi vyote, kimoja kina unga. Deo. Kitabu kimoja, kimerudi." Nikamgeukia Deo, akatazama chini. "Mlezi wa wote wawili," akaendelea, akataja jina langu, "mkulima, miaka thelathini."

"Thelathini nani?" baba mdogo aliuliza.

Wanawake walishikana kwa kicheko. Mama Hosea alikaa kabisa chini. "Bibi arusi kumbe mkubwa kuliko mimi!"

Yule mama akainua kidole kwamba hajamaliza. "Hapa niliandika siku niliyofika. 'Nimemkuta mlezi nyumbani. Anatwanga, mtoto mgongoni. Mtoto ameshiba, amelala. Nimemuuliza mlezi yuko wapi, amesema hayupo.'"

Hapo hata Titus alicheka, na mimi nilitamani ardhi inifunike. Baba mdogo ndiye pekee aliyebaki na uso uleule. Akamwita Faraja mbele.

"Huo umri nani kautunga?"

"Mimi."

"Kwa nini umedanganya?"

"Sikudanganya. Aliniuliza mlezi wangu ana miaka mingapi. Mama alikuwa na thelathini." Faraja alinitazama, mara ya kwanza kwa muda mrefu. "Nikampa ya mama. Kazi si zilezile?"

Kicheko kilikatika. Mama Hosea aliinuka pale chini akajifuta macho kwa upindo wa kanga, kisha akasema bila utani wowote, kwa Kinyasa, kwamba watoto hawa wanalala wameshiba kuliko wa kwake, na asiyeamini akawaulize wa kwake.

Baba mdogo alivua lile koti, akalishika mkononi, akawa ghafla anafanana na baba. Kisha akasema, kama anayesoma orodha: "Watoto ni watatu. Wawili wako shule, mmoja hajafika umri. Hakuna anayelala njaa. Huyu," na hapo akanionyesha kwa kidevu kama shangazi alivyomwonyesha Faraja siku ile, "huyu simhesabu na watoto. Huyu ni mlezi."

Sasa ninao umri aliokuwa nao yeye wakati ule, na mara nyingine nadhani alikuwa ameshuka akitafuta sababu ya kutuacha. Nyumba yake ilikuwa na watoto saba, na mke wake hakuwa amekubali wa nane. Alihitaji kitu kilichoandikwa cha kupeleka kwa shangazi na ukoo, na yule mama akampa. Mara nyingine nadhani hapana, alikuwa anatuchukua kweli, na maneno ya mtoto wa darasa la tatu ndiyo yaliyomzuia. Sijui. Nimemuuliza mara moja, tukiwa wawili, akasema hakumbuki, na mimi sikuamini kwamba hakumbuki.

Ninachojua ni kwamba wadogo zangu walibaki, na kwamba kwa neno lile moja mimi niliondolewa kati ya watoto na hakuna aliyewahi kunirudisha. Shule sikurudi tena. Faraja, Deo na Anna walimaliza.

Baba mdogo hakulala. Alikunywa maji, akampapasa Anna kichwani, akarudi kwenye gari. Yule mama ndiye aliyebaki nyuma, akatoa kadi mpya ya bluu, tupu, na kalamu.

"Haya, mlezi. Sasa andika mwenyewe, na umri uwe wa kweli."

Sikuishika. "Inakwenda wapi hii?"

"Songea, maktaba. Inakaa kwenye droo."

"Nani anaifungua hiyo droo?"

"Mimi."

"Na wewe ukifa?"

Nilidhani atanikasirikia, kwetu mtu mzima haulizwi hivyo. Aliivua miwani, akaiacha ikining'inia kwenye uzi. "Nikifa ataifungua mwingine," alisema. "Ataona jina la Faraja na jina lako, na kwamba vitabu vilirudi. Hataona kingine, kwa sababu hakutakuwa na kingine."

Nikaipokea kadi, nikakaa juu ya kinu. Upande wa mbele ulikuwa na majina na mistari, na nyuma yake maandishi madogo, mengi, masharti kuanzia la kwanza hadi la tisa. Titus akawasha gari. Baba mdogo akatoa kichwa dirishani, akapiga ubavu wa mlango kwa kiganja. "Wewe! Weka jina twende, giza litatukuta mlimani!" Akapiga tena. Mama Hosea naye akaanza kunihimiza, na Faraja akaninong'oneza niandike tu, niandike basi.

Nikawaambia wasubiri. Nilikuwa kwenye sharti la nne, na bado nasoma.